Moyo Hausubiri Barua ya Rufaa

Wenzangu madaktari, matabibu, wauguzi, na ninyi wakuu wa hospitali mlioacha kazi zenu kuja hapa, asanteni.

Nimeombwa kueleza namna ya kuinua huduma za moyo na mishipa ya damu katika mtandao wa hospitali za mkoa mzima. Mada hii ikitajwa, mazungumzo huwa ni mashine: maabara ya katheta, yaani chumba cha kuzibulia mishipa ya moyo kwa mirija myembamba, ijengwe wapi, inunuliwe lini. Maabara hiyo naitaka kwa moyo wote. Lakini mgonjwa wa mshtuko wa moyo haanzii pale. Anaanzia kwenye kituo kidogo, usiku, akiwa ameshika kifua na kudhani ni kiungulia.

Mshipa unaoulisha moyo ukiziba, misuli iliyo mbele ya kizibo huanza kufa, na ikishakufa haioti tena. Ndiyo sababu miongozo ya kimataifa inataka kipimo cha umeme wa moyo kifanyike na kusomwa ndani ya dakika 10 tangu mgonjwa afike. Hospitali inayozibua mshipa kwa puto dogo linalopitishwa ndani yake na kujazwa inatakiwa ifanye hivyo ndani ya dakika 90. Na kama ni wazi kwamba safari ya kwenda huko itapitisha dakika 120, basi asiye na hatari kubwa ya kuvuja damu apewe dawa ya kuyeyusha bonge la damu pale pale alipo, ndipo asafirishwe.

Sasa niambieni, nani katika kituo kile ana ruhusa ya kuamua? Hapa ndipo tunapopoteza watu. Muuguzi anampigia daktari wa zamu, daktari anamtafuta bingwa, bingwa anauliza kama kuna kitanda, na huku barua ya rufaa inatafutiwa sahihi. Ninachopendekeza ni namba moja ya simu. Picha ya kipimo itumwe, bingwa aisome, na neno lake liwe amri kwa gari la wagonjwa, chumba cha dharura na maabara kwa pamoja. Kitanda kitatafutwa mgonjwa akiwa njiani.

Nije kwenye miguu, maana tukisema "moyo na mishipa" lile neno la pili huwa tunalimeza. Puto tunalojivunia kwa moyo lilizaliwa mguuni. Mwaka 1964, Charles Dotter, daktari wa eksirei huko Portland, Marekani, alipokea mama wa miaka 82 ambaye vidole vya mguu vilikuwa vimeanza kuoza. Alishauriwa akatwe mguu, akakataa. Dotter akaupanua mshipa uliosinyaa kwa kupitisha mirija ndani yake, na mama yule akaendelea kutembea kwa mguu wake mwenyewe. Daktari mwenzake, Andreas Grüntzig, alijifunza mbinu hiyo, akaitengenezea puto, na mwaka 1977 huko Zurich akazibua mshipa wa moyo wa mtu aliye macho.

Leo, zaidi ya miaka 60 baadaye, bado mgonjwa wa kisukari mwenye kidonda kisichopona anakatwa mguu bila mtu kupima damu inafikaje huko chini. Hili linaniuma sana. Kipimo chenyewe si cha ajabu: unapima presha ya kifundo cha mguu, unaigawanya kwa presha ya mkono. Jibu likiwa 0.90 au chini yake, mshipa una tatizo. (Kwa mwenye kisukari mishipa huweza kukakamaa ikatoa namba nzuri ya uongo, kwa hiyo pimeni na presha ya kidole gumba cha mguu.) Muuguzi mwenye mkanda wa presha na kifaa kidogo cha kusikiliza mtiririko wa damu anakifanya.

Kuhusu wanaorudi nyumbani nitasema machache. Aliyewekewa stenti, kile kibomba cha wavu kinachoushikilia mshipa uliozibuliwa ubaki wazi, akiacha dawa za kuzuia damu kuganda mapema, inaweza kuziba ghafla. Kituo chake cha karibu lazima kijue anatumia nini na hadi lini, na kijulishwe siku ileile anayotoka wodini, kwa maandishi.

Tuanze na saa. Kwa miezi mitatu ijayo, kila kituo kiandike nyakati nne: mgonjwa mwenye maumivu ya kifua alipofika, kipimo kilipofanyika, simu ilipopigwa, gari lilipoondoka. Mganga mkuu wa kila hospitali azisome mwenyewe kila wiki. Fomu ziko mezani pale mlangoni, chukueni za vituo vyenu vyote kabla hamjaondoka.