Mkate ambao jua linapita mara tatu

Haya jamani, habari za huko nyumbani! Shikamooni wazazi wangu mnaofuatilia, na vijana wenzangu mambo vipi. Leo nimetoka Stuttgart, nimepanda treni mpaka Bad Urach, kimji kilicho chini ya milima ya Swabia, kusini mwa Ujerumani. Wageni wengi huja hapa kutazama maporomoko ya maji. Mimi nimefuata Brezel, mkate wao wa kusokotwa.

Ngoja niisogeze kwenye kamera. Mnaona hii mikono miwili iliyopishana? Myembamba, mikavu, ukiivunja inalia kach! Huku chini ni tumbo. Limechanwa kwa kisu kabla ya kuingia ovenini, ndiyo maana limepasuka likaonyesha weupe wa ndani. Mchano huo ndio alama ya Waswabia. Ukienda Bavaria utakuta mikono imenenepa na mchano kwa kawaida hakuna, na usithubutu kumwambia mtu wa hapa kwamba zote ni zilezile.

Sasa rangi hii ya kahawia inayong'aa: hapajapakwa yai wala sukari. Kabla ya kuokwa, unga uliokwisha kusokotwa unachovywa kwenye maji ya kostiki soda. Ndiyo, mama zangu mnaotengeneza sabuni, kostiki hiyohiyo! Ila ni kidogo, haizidi asilimia 4 ya hayo maji, mwokaji anavaa glavu, na ndani ya oveni inageuka kuwa kitu kisichodhuru. Tafadhali msiende kukadiria kwa macho huko jikoni.

Nani alifikiria jambo kama hili? Watu wa Urach wana hadithi yao. Mtawala wao Eberhard, aliyezaliwa papa hapa mwaka 1445, yule aliyekuja kuanzisha Chuo Kikuu cha Tübingen mwaka 1477, alimhukumu kifo mwokaji mmoja. Akamwachia upenyo: niokee mkate ambao jua litapita mara tatu, utasalimika. Siku tatu tu. Mwokaji akahangaika, mwisho akamwona mkewe amekunja mikono kifuani, umbo likapatikana, na matundu yake matatu. Mara paka akaruka, trei zima likatumbukia kwenye ndoo ya maji makali ya magadi! Muda umekwisha, akaoka hivyohivyo. Ukiniuliza mimi, mgunduzi ni paka, na hajalipwa mpaka leo.

Dukani sikurekodi, kulikuwa na foleni ya wazee. Unaingia unasalimia watu wote, “Grüß Gott”, hapo mtu wa Tanga hapati shida. Mama wa kaunta anakuuliza mkate ukatwe au ubaki mzima. Nimechukua huu mzito wa Roggen, nafaka ya nchi za baridi, jamaa ya ngano. Unga wake usipotiwa chachu kali, mkate hunatanata katikati. Mgeni akiuonja mara ya kwanza husema umechacha. Umechacha kweli, kwa makusudi! Mwaka 2014 Wajerumani waliuingiza utamaduni wao wa mkate kwenye orodha ya taifa ya urithi usioshikika, na kwa mkate huu siwabishii.

Vitamu navyo vipo. Hefezopf, mkate wa kusukwa unaoliwa sana Jumapili, ni laini na unafaa chai ya maziwa, lakini kwa mtu aliyelelewa na kalimati za shira, sukari yake ni ya kudokoa.

Kama mtapita huku, njooni asubuhi. Brezel ikifika jioni inavutika kama mpira. Na mwombeni mama aikate tumboni aipake siagi, nene, asiogope. Hiyo ndiyo ninayokula sasa hivi, samahani naongea mdomo umejaa. Nyumbani kwangu watoto wanagombania mikono, mimi wananiachia tumbo. Nyie mngeanzia wapi? Andikeni hapo chini, na anayetaka kuona chachu ya Roggen inavyolelewa aseme, wiki ijayo tunaingia jikoni.