Namba Inayoonekana Njema: Gesi za Damu kwa Mgonjwa Mahututi

Assalaam alaykum, wauguzi na matabibu wenzangu mliokusanyika hapa Chake Chake.

Nitaanza na mgonjwa wa pumu. Ameletwa usiku, amekaa kitako ameegemeza mikono kitandani, anahema mara 36 kwa dakika na sentensi haimaliziki. Majibu ya gesi za damu ya ateri yanarudi: pH, yaani kipimo cha tindikali, 7.38, kaboni dioksidi milimita 42 za zebaki. Wengi wetu tungeshusha pumzi, kwa kuwa kiwango cha kawaida ni 35 hadi 45. Mimi hapo ndipo ninapomwita daktari wa usingizi. Mtu anayehema kwa kasi ile alipaswa kuwa ameitoa hewa hiyo hadi namba ishuke chini ya 35, na ikiwa imesimama kwenye 42, basi misuli ya kifua imeanza kuchoka. Oksimita ya kidoleni, inayopima oksijeni tu, haioni jambo hili, maana mgonjwa aliyewekewa oksijeni huweza kusoma asilimia 97 huku kaboni dioksidi ikimpanda.

Kosa la kusoma namba vibaya si letu peke yetu. Katika mlipuko wa polio wa Copenhagen mwaka 1952, madaktari waliona baikaboneti, kemikali ya damu inayopunguza tindikali, imepanda wakadhani damu imezidi alkali, mpaka daktari wa usingizi Bjørn Ibsen alipotambua kwamba ni kaboni dioksidi iliyoshindwa kutoka; wanafunzi wa udaktari wakawapumulisha wagonjwa kwa mikono, kwa zamu, usiku na mchana.

Namba yenyewe huharibika pia mikononi mwetu. Povu dogo la hewa likibaki ndani ya sirinji yenye heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, huichafua sampuli, kwa hiyo litolewe kabla ya kufunika. Chembe za damu nazo haziachi kula oksijeni ndani ya sirinji, na katika joto letu hili sampuli isingoje mtu amalize chai: ipimwe ndani ya dakika 30, ikiambatana na maelezo ya kiasi cha oksijeni alichokuwa akipewa mgonjwa.

Kwa mwenye kisukari ambaye damu yake imejaa tindikali, zidisheni baikaboneti kwa 1.5 kisha ongezeni 8, mpate kaboni dioksidi inayotarajiwa. Baikaboneti ikiwa 8, kaboni dioksidi inatarajiwa iwe karibu na 20; nikiikuta 34, namba ambayo ikitazamwa peke yake haimtishi mtu, najua kifua kimeelemewa, na siondoki kando ya kitanda.