Mvuke wa Maji Angani na Mawimbi ya Setilaiti: Mhadhara kwa Wapima Ardhi na Watabiri wa Hali ya Hewa, Dar es Salaam

Mheshimiwa Mwenyekiti, wahadhiri wenzangu, ndugu wapima ardhi, ndugu watabiri wa hali ya hewa, na ninyi wanafunzi mliojaza viti vya nyuma,

Nimeombwa nizungumzie mvuke wa maji uliomo angani na namna unavyopimwa kwa mawimbi ya setilaiti zile zile zinazomwonyesha dereva wa bodaboda njia ya kufika Mbezi. Nitaanza na mvuke wenyewe, kwa sababu asiyejua nguvu yake katika mvua hataona haja ya kugharamia antena juu ya paa. Kila kilo ya mvuke inapogeuka kuwa matone huachia takribani kilojuli 2,500 za joto, na joto hilo ndilo linaloipa hewa nguvu ya kuendelea kupanda hadi wingu likomae na kumwaga mvua kubwa. Mtabiri asiyejua ni mvuke kiasi gani umekusanyika juu ya mji, hata awe na kompyuta yenye uwezo wa namna gani, anabahatisha kiasi cha mvua.

Tangu zamani mvuke huo hupimwa kwa puto lenye vipimo, na kwa utaratibu wa kimataifa saa kuu za kurusha puto, kwa saa zetu, ni saa tisa usiku na saa tisa alasiri. Vituo vinavyorusha maputo barani Afrika ni vichache na viko mbalimbali, na katikati ya maputo mawili mvuke unaweza kuingia kutoka baharini, mvua ikanyesha na kwisha kabla puto la pili halijapanda. Waliohama Jangwani katika mafuriko ya Desemba 2011 hawahitaji kuelezwa saa tatu au nne za tahadhari zina maana gani kwa mtu anayeishi kando ya Mto Msimbazi.

Sasa tuje kwenye setilaiti. Setilaiti za GPS huzunguka kwenye kimo cha kilomita zipatazo 20,200, na mawimbi yake yanapoingia kwenye angahewa hucheleweshwa mara mbili. Tabaka la juu, ionosfea, huchelewesha kila masafa kwa kiasi chake. Ndiyo maana kipokezi kinachosikiliza masafa mawili, megahezi 1575.42 na 1227.60, huweza kuupima ucheleweshaji huo na kuuondoa karibu wote. Tabaka la chini, ambamo mna mawingu na pumzi zetu, halibagui masafa, kwa hiyo ujanja huo haufai kitu. Kipokezi hupata umbali wa setilaiti kutokana na muda wa safari ya wimbi, kwa hiyo kwa setilaiti iliyo wima juu ya mtu aliye usawa wa bahari, hewa ya chini huongeza umbali unaopimwa kwa takribani mita 2.4. Mpima ardhi anayetafuta mahali pa jiwe la mpaka kwa usahihi wa milimita hukiona kiasi hicho kuwa ni kosa: hukikokotoa, hukiondoa, kisha hukitupa. Nimekuja kuwaomba, ndugu zangu, msikitupe.

Mwaka 1972 mtaalamu wa Kifini, Saastamoinen, alionyesha kwamba sehemu kubwa ya ucheleweshaji huo hutokana na uzito wa hewa yenyewe, na kwamba inaweza kukokotolewa kwa usahihi wa milimita chache kutokana na kanieneo ya hewa iliyopimwa kituoni. Inayobaki ni ya mvuke. Mwaka 1992 Michael Bevis na wenzake, huko Marekani, waliandika namna ya kuligeuza baki hilo kuwa kimo cha maji, kwa kutumia makadirio ya jotoridi la hewa yanayotokana na jotoridi la ardhini.

Tufanye hesabu moja hapa hapa. Tuseme antena iliyopo pwani ya Dar es Salaam imetoa ucheleweshaji wa mita 2.61, na barometa, kipimo cha kanieneo ya hewa, inasoma hektopaskali 1012. Kanuni ya Saastamoinen inatupa mita 2.31 kwa uzito wa hewa. Zinabaki sentimita 30. Katika joto la nyuzi 27, kila sentimita ya baki hilo ni karibu milimita 1.63 za maji, kwa hiyo juu ya vichwa vyetu mngekuwa na mvuke ambao, ukianguka wote, ungefunika ardhi kwa milimita 49: lita 49 kwa kila mita ya mraba. Kituo kilichotunzwa vizuri hutoa kipimo hicho kwa kosa la milimita moja au mbili, usiku na mchana, mvua ikinyesha au jua likiwaka.

Hapo penye barometa naomba tusimame kidogo, maana ndipo kazi nzuri inapoharibikia. Karibu na usawa wa bahari kanieneo hupungua hektopaskali moja kwa kila mita nane au tisa za kupanda. Mtu akifunga antena juu ya jengo la ghorofa kumi, tuseme mita 30, halafu akasoma barometa iliyopo ofisini chini bila kurekebisha kimo, amekosea zaidi ya hektopaskali tatu, na kosa hilo peke yake ni zaidi ya milimita moja ya mvuke. Barometa ikae penye antena, au tofauti ya kimo ipimwe na kuandikwa kwenye kumbukumbu za kituo. Vivyo hivyo mabati: wimbi likigonga paa la jirani au simtanki kabla ya kufika kwenye antena, kipokezi hukisia umbali usio wake.

Lazima niseme pia kisichowezekana. Kipimo hiki hutoa jumla ya mvuke tangu ardhini hadi juu, hakisemi uko kwenye kimo gani, na vituo vyake ni vichache mno katikati ya Bahari ya Hindi, unakotoka mvuke wetu mwingi. Kwa hayo zipo setilaiti ndogo zinazosikiliza mawimbi ya GPS yanapopinda pembezoni mwa dunia, na kutokana na kupinda huko hupatikana maelezo ya hewa kimo kwa kimo. Kundi moja la setilaiti hizo, COSMIC-2, lililorushwa Juni 2019, linazunguka karibu na ikweta, na hilo ni neema kwa nchi kama yetu.

Ulaya walianza mpango wa pamoja wa vituo vya ardhini, E-GVAP, mwaka 2005, na modeli zao za utabiri hupokea ucheleweshaji wenyewe, bila hata kusubiri ugeuzwe kuwa mvuke. Siri yao ni muda. Hesabu hii huhitaji kujua setilaiti ilipo. Mizunguko ya setilaiti iliyosahihishwa kikamilifu hutolewa baada ya zaidi ya wiki moja, na mtabiri hana wiki. Lakini Huduma ya Kimataifa ya GNSS (jina la jumla la mifumo ya setilaiti kama GPS) hutoa bure, kila baada ya saa sita, mizunguko iliyokadiriwa hadi saa kadhaa mbele, nayo inatosha. Faili la saa moja la kituo, likibanwa, ni dogo kuliko picha moja ya simu. Kwa hiyo ombi langu kwa wenye vituo vya upimaji ardhi ni mambo mawili tu: barometa penye kila antena, na faili kumfikia mtabiri kila saa badala ya kila siku.

Wanafunzi msisubiri makubaliano hayo. Data za kituo cha Malindi, Kenya, kilichopo pwani hii hii, ziko wazi kwa yeyote, na makadirio ya mvuke ya kila saa ya ERA5, rekodi ya hali ya hewa ya dunia inayokokotolewa kwa modeli huko Ulaya, nayo ni bure. Chukueni msimu mmoja wa masika, kokotoeni mvuke wa Malindi saa kwa saa, muulinganishe na makadirio hayo, halafu mwangalie hasa saa zile yanapoachana. Anayetaka mada ya tasnifu na aje tuonane baada ya kipindi cha maswali.