Gitaa la Marehemu Baba Lina Thamani Gani?

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, sogeeni mbele, nafasi zipo.

Mwaka jana mama mmoja alivuka Ziwa Victoria kutoka Nansio akaniletea gitaa la marehemu baba yake, kaliviringisha kwa khanga mbili. Mzee alipiga solo enzi za muziki wa dansi. Ni Höfner la Ujerumani, lile la kifua kilichobinuka, lenye matundu mawili ya herufi f. Nilipofunua khanga ya pili nikakuta jekundu, linang'aa. Kumbe ndugu walimshauri alifanye lipendeze kabla ya kuliuza. Seremala akalipiga msasa mpaka kwenye mbao, akapulizia rangi ya gari, na funguo zake za zamani za kukazia nyuzi, zenye kutu, akazitupa akafunga mpya. Mama akaniuliza, "Mwanangu, sasa si litapata bei nzuri?" Nilikaa kimya. Sikujua nianzie wapi.

Wanunuzi wa magitaa ya zamani wana hesabu yao: gitaa lililopakwa rangi upya hupoteza karibu nusu ya bei. Kinacholipiwa ni ile vanishi ya kiwandani, hata kama imepasuka nyufa ndogondogo, hata kama mkono wa mpigaji umeila. Funguo zile za kutu zilikuwa pesa. Kwa hiyo nawaomba, tena nawaomba sana: ukirithi gitaa, usilisugue, usilipake kitu, usitupe hata skrubu. Boksi lake kuukuu lililokaa juu ya kabati lilete pia.

Baada ya hapo tunatafuta mwaka. Jina la kichwani peke yake halitoshi, maana stika hubandikwa na yeyote. Magitaa ya kampuni ya Martin ya Marekani ni rahisi: tangu 1898 kila gitaa lina namba, ukichungulia tunduni unaiona imegongwa kwenye kipande cha mbao chini ya shingo, na namba hiyo inakupa mwaka. Fender za zamani, magitaa ya umeme ya Marekani, unafungua skrubu nne, unatoa shingo, na mara nyingi tarehe imeandikwa kwenye kisigino chake. Magitaa mengi ya umeme ya Marekani yana siri nyingine, nayo naipenda kuliko zote. Geuza kontroli ya sauti utazame mgongoni. Tuseme imegongwa 1376421. Hiyo 137 ni kiwanda cha CTS, 64 ni mwaka 1964, na 21 ni wiki ya 21. Gitaa haliwezi kufungwa kabla kontroli yake haijatengenezwa! Labda iwe imebadilishwa, na hapo ndipo natazama risasi ya kuunganishia nyaya: iliyochomelewa mara ya pili haifanani na ya kiwandani.

Mwaka una uzito gani? Januari 1965 kampuni ya Fender iliuzwa kwa CBS, kampuni ya utangazaji ya Marekani. Gitaa lao la Stratocaster lililotoka kati ya 1954 na mauzo hayo hulipiwa zaidi, kwa mbali, kuliko dada yake wa miaka ya sabini. Les Paul Standard za Gibson za 1958 hadi 1960 zinavuka dola 200,000. Lakini tusidanganyane. Huku kwetu nimezoea kuletewa Höfner, Framus, za Kijapani, na yale magitaa makavu, yasiyotumia umeme, ya Gallotone kutoka Afrika Kusini.

Gallotone nitaisema zaidi. Lilikuwa gitaa la bei rahisi, la mtu anayeanza. John Lennon wa bendi ya Beatles alianza nalo, na mwaka 1999 lake liliuzwa mnadani London kwa zaidi ya pauni 140,000. Mbao ni zile zile. Kilicholipiwa ni mkono uliolishika, na ushahidi wa kwamba ni mkono huo.

Ushahidi ndio unaotuponyoka. Ziwa hili limezaa wapiga gitaa. D. O. Misiani alitoka Shirati, hapo Mara, akaenda kuutangaza muziki wa benga Kenya nzima. Kesho mtu akileta gitaa aseme liliwahi kupigwa na bendi yake Misiani, nitamuuliza: picha iko wapi ambayo mkwaruzo huu unaonekana? Risiti je? Wazee wanaondoka, na picha zao zinaliwa na mchwa kwenye masanduku. Mpige picha mzee wako akiwa na gitaa lake wiki hii hii, uandike alilinunua wapi na alipiga na nani.

Kuhusu bei yenyewe, mnaijua Mwaloni, soko la samaki pale Kirumba. Anayeuza dagaa alfajiri anataja bei, lakini bei ya siku ni ile ambayo gunia limeondoka nayo. Kwenye intaneti ni vivyo hivyo. Acha matangazo ya wanaotaka kuuza, tafuta bei za magitaa yaliyokwisha kuuzwa, ya mwaka ule ule na hali ile ile. Tatu au nne zinatosha. Halafu toa gharama ya kulisafirisha, maana mnunuzi wa mbali ataitoa.

Yule mama hakuuza. Wiki mbili baadaye alirudi na mfuko wa plastiki: alikwenda kwa seremala akachambua takataka za karakana, akapata funguo nne kati ya sita. Nimezileta, na gitaa ni hili hapa mezani. Kijana wa mbele, nishikie taa ya simu, nifungue tuone ndani kuna nini.