Barabara Mbovu Inayolindwa

REHEMA: Karibuni wasikilizaji wetu. Leo tunaweka mpira kando. Kaka Salim ana mwezi mzima ananiahidi kunieleza kwa nini watu wenye baiskeli za mamilioni wanazipitisha kwenye barabara mbovu kwa makusudi.

SALIM: Ahsante, dada Rehema. Hizo ni Paris–Roubaix, mbio za siku moja kaskazini mwa Ufaransa, kila Aprili. Zilianza 1896. Karibu kilomita 260, na kama 55 kati ya hizo ni mawe.

REHEMA: Mawe kama haya tunayotandaza uani?

SALIM: Hapana, haya yetu yamelala sawa. Yale ni mawe magumu ya kuchongwa, kila moja kama mkate mzima, mgongo umevimba, na kati ya jiwe na jiwe kuna ufa wa kumeza tairi. Yalipangwa zamani kwa ajili ya mikokoteni ya wakulima. Mwaka mzima hupita matrekta, kwa hiyo katikati pameinuka na pembeni pamelika. Jua likiwaka ni vumbi tupu, mvua ikinyesha ni tope la shambani.

REHEMA: Wewe mawe umeyaona kwa macho, si ulikwenda Kigali?

SALIM: Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli, mara ya kwanza kufanyika Afrika. Nilisimama kwenye kile kilima cha mawe cha Kimihurura. Dada, unawasikia kabla hujawaona! Baiskeli zinalia kama debe la misumari linalotikiswa. Nilitazama mkono wa mmoja aliyepita karibu yangu, nyama ya mkono inatetemeka kuanzia kifundo hadi kiwiko. Na pale walikuwa wanapanda, mwendo wa taratibu. Roubaix ni tambarare. Wanaingia kwenye mawe kwa zaidi ya kilomita 50 kwa saa.

REHEMA: Sasa usukani unaushikaje?

SALIM: Kwa kuulegeza. Ukiukaba, mawe yote yanaishia mabegani mwako. Unaweka gia nzito, unasukuma mfululizo, na baiskeli unaiacha icheze chini yako. Matairi ni mapana, milimita 30 na zaidi, na upepo wanaupunguza. Ukizidi, baiskeli inarukaruka. Ukipungua, rimu inagonga jiwe na umepata pancha. Mafundi wanapima upepo huo asubuhi kama mama anayepima dawa ya mtoto.

REHEMA: Mimi nimekulia mtaa ambao kila uchaguzi tunaahidiwa lami. Kwa nini wao hawajaweka?

SALIM: Waliweka! Hapo ndipo nilipotaka tufike. Baada ya vita kuu ya pili barabara nyingi zilitiwa lami, na televisheni ilipoanza kuonyesha mbio, mameya wa vijiji waliona aibu mawe yao kuonekana. Katikati ya miaka ya 1960 mawe yalikaribia kuisha kwenye njia. Waandaaji wakaanza kuyatafuta kwenye vijia vya mashambani na msituni. Jean Stablinski, bingwa wa dunia wa 1962, ndiye aliyewaonyesha njia ya msitu wa Arenberg, ikaingia mwaka 1968. Chini ya msitu ule kulikuwa na mgodi wa makaa ya mawe, naye alishafanya kazi mgodini humo.

REHEMA: Yaani alipita chini, kisha akaja kupita juu.

SALIM: Ndiyo, na leo mnara wake umesimama pale njia inapoanzia. Sasa kuna chama cha watu wanaojitolea, wanang'oa mawe yaliyozama, wanayapanga upya kwa mkono, na wanafunzi wa kilimo wanasaidia. Hata mbuzi wamepelekwa Arenberg, wazile nyasi zilizoota kati ya mawe ili njia isiteleze.

REHEMA: Mbuzi!

SALIM: Mbuzi kabisa. Na mshindi hapewi kikombe, anapewa jiwe. Ananyanyua jiwe juu ya kichwa, mikono imejaa malengelenge.

REHEMA: Wanawake je?

SALIM: Waliruhusiwa 2021, miaka 125 baadaye, na hilo linaniuma. Siku hiyo ya kwanza Lizzie Deignan wa Uingereza aliwaacha wenzake akatangulia peke yake zaidi ya kilomita 80 kabla ya mwisho, mawe yana tope, hakuvaa glavu. Alipomaliza, utepe wa usukani wake ulikuwa na damu. Ile picha naona inatosha kuwajibu wote waliosema mbio hizi haziwafai wanawake.

REHEMA: Na Mwafrika?

SALIM: Roubaix bado. Ila Biniam Girmay wa Eritrea alishinda Gent–Wevelgem mwaka 2022, kule jirani Ubelgiji, nako kuna kilima cha mawe. Nilipiga kelele majirani wakaja kuuliza kuna msiba gani.

REHEMA: Nani mwingine wa kukumbuka kabla hatujafunga?

SALIM: Evaldas Šiškevičius wa Lithuania. Mwaka 2018 aliachwa kabisa, nyuma yake lile gari la kuokota waliochoka. Akapata pancha. Gari la timu yake nalo lilikuwa limeharibika, limebebwa juu ya gari la kuvuta, lakini kwa bahati liko nyuma yake, wakashusha gurudumu kutoka humo. Akafika Roubaix mshindi ameshamaliza kama saa nzima. Geti la uwanja mbio zinakoishia limefungwa.

REHEMA: Akarudi?

SALIM: Akaomba afunguliwe. Wakamfungulia, akaingia, akamaliza safari yake. Mwaka uliofuata alirudi akawa wa tisa.