Nipo paking namsubiri mshkaji atoke darasa la pombe

Mbukwenyi watu wangu wa Dodoma! Nipo kwenye gari hapa Sacramento, namsubiri mshkaji wangu, yupo ndani ya hilo jengo hapo nyuma, sio kanisa hilo, ni darasa la waliokamatwa wanaendesha wamelewa. Msicheke basi.

Iko hivi, jamaa alidakwa mara ya pili, sasa huku California mara ya pili ukiacha faini na jela na kusimamishiwa leseni, unapangiwa programu ya miezi 18. Miezi 18 jamani, mimba inaingia, mtoto anazaliwa, anaota na meno! Saa 52 mnakaa duara mnaongea, saa 12 mnafundishwa mambo ya pombe, halafu mwaka mzima wa kwanza kila wiki 2 unakaa na mshauri wewe na yeye tu, na ada unalipa mwenyewe. Na ili arudi barabarani gari wameifunga kidude, unapuliza ndo inawaka, ukiwa njiani kinalia tena upulize. Leo asubuhi kasukutua na dawa ya mdomo, kapuliza, gari imegoma, kakaa anakiapia kile kidude kwa jina la mama yake utadhani kinasikia. Ndo maana nimemleta mimi.

Mwanzoni niliona wanamnyanyasa tu. Ila siku moja tunarudi akaniambia, unajua hakuna mtu alishawahi kuniuliza nakunywa kwa nini. Nikanyamaza, nikamkumbuka bamdogo wangu wa Kizota. Alikuwa na bodaboda yake, ile pombe yetu ya choya ikishapanda hamuoni mtu, anakamatwa, faini tunachanga sisi ukoo mzima, jioni yuko kilabuni palepale, kesho yake tena. Siku aliyomgonga mama wa watu pale Majengo ndo tukauza pikipiki tukaona tumemaliza. Akaendelea kunywa, tofauti anatembea kwa miguu.

Na Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, iko palepale mjini, wanatibu mpaka ulevi, lakini kwetu ukimwambia mtu nenda Mirembe umemtukana, si ndio? Angeambiwa na hakimu angeenda, sisi nani angetusikiliza.

Sisemi faini zifutwe, mtu anaua huyo, alipe. Ila ile hela tuliyochanga mara zote zile... haya anatoka huyo, nazima, hapendi kurekodiwa.