Cheti cha gesi sio sevisi ya boila

Haya jamani, wazee shikamooni, wengine poleni na baridi. Nimeombwa niongee kuhusu boila za nyumba za kupanga huku Uingereza. Mi sio fundi, mi ni mpangaji tu niliyeteseka winta mbili kwenye flati moja mashariki ya London, kwahiyo kama kuna fundi humu ndani na nikakosea anisahihishe, ila aningoje nimalize kwanza.

Wengi wetu tumekulia maji ya sufuria, au kama kwenu mlijiweza kidogo basi ile hita ya bafuni inayokupiga shoti ukigusa koki. Unafika huku unakuta sanduku jeupe ukutani jikoni, unabonyeza, redieta zinapata moto, unasema alhamdulillah na huliangalii tena mpaka siku linazima.

La kwangu lilizima Januari. Asubuhi nakuta namba ya kosa kwenye kioo, na ndani kuna sauti kama mtu anasukutua. Sauti hiyo ikumbukeni. Boila za sasa hivi, hizi ambazo tangu 2005 ndo zinazotakiwa kufungwa, zinakamua joto mpaka kwenye moshi wake, mvuke uliomo kwenye moshi ukipoa unageuka maji, na maji hayo yanatoka kwa bomba la plastiki. Bomba likipita nje linatakiwa liwe nene, milimita 32 hivi, literemke vizuri na livalishwe sponji. Langu lilikua jembamba kama kidole cha mwisho, limezungushwa mita kama 4 kwenye ukuta usioona jua, uchi kabisa. Likaganda. Maji yakikosa njia yanarudi ndani, ndo ile sauti ya kusukutua, na boila inajizima yenyewe, na hapo haina kosa, kosa ni la aliyeifunga. Basi nioneni mimi saa 11 alfajiri, kanga juu ya koti, birika mkononi, namwagia bomba maji ya vuguvugu (sio yanayochemka, utalipasua), wiki ile nilitoka mara 5. Nampigia ejenti, ananijibu ni hali ya hewa. Hali ya hewa gani wakati majirani zangu wote boila zao zinawaka!

Sasa presha, na hapa makosa nayabeba mimi. Mshale wa presha, boila ikiwa ya baridi, unatakiwa ukae bar 1 mpaka 1.5 (bar ni kipimo cha presha), wangu kila asubuhi uko karibu na sifuri. Fundi wa kwanza aliyekuja kuiangalia akanionyesha kikoki cha chini, fungua, ongeza, funga, basi nikawa naongeza kila siku kama namnywesha mtoto dawa, miezi mitatu. Yale maji yanazunguka humo humo ndani, hayatakiwi kupungua, ukiona unaongeza kila siku jua yanatoka mahali. Nje kuna kabomba ka shaba kamegeuzwa kuangalia ukuta, na chini yake tofali zimeota ukijani, nilikua napita hapo kila siku kwenda basi, sikuwahi kujiuliza. Fundi wa pili ndo akanifungua macho, kwamba ndani kuna tangi dogo lenye mpira na hewa, hewa ikiisha maji yakipata moto yanatanuka yanakosa pa kwenda, presha inapanda mpaka bar 3, vali ya usalama inafunguka na kumwaga nje. Alafu kila maji mapya niliyoongeza yaliingiza hewa mpya na kutu mpya, ndo lile tope jeusi. Redieta ikiwa moto juu na baridi chini, ni tope. Ikiwa baridi juu, hiyo ni hewa tu.

Muda wote huo nikilalamika jibu ni moja: cheti cha gesi unacho, boila iko sawa. Na kweli nilikua nacho. Sheria ya 1998 inamtaka mwenye nyumba apimishe gesi kila miezi 12, akupe nakala ndani ya siku 28, na mpangaji mpya apewe kabla hajaingia. Lakini kile ni kipimo cha usalama, kwamba gesi haivuji na moshi unatoka inavyotakiwa. Hakuna anayeangalia kama bomba lako litaganda, na sevisi ni kitu kingine kabisa. Kutengeneza kuna sheria yake, ya 1985, kifungu cha 11, inasema joto na maji ya moto ni mzigo wa mwenye nyumba. Mtu asikuchanganyie hivi vitu.

Nikaacha kupiga simu, nikaanza kuandika. Kila asubuhi picha ya mshale, tarehe, imeli. Nilikua naogopa kufukuzwa, sitawadanganya. Kaunsili, yaani halmashauri ya mtaa, walipokuja kuangalia na kumwandikia mwenye nyumba, fundi mwingine akapatikana siku chache tu. Kitu cha kwanza aliomba kitabu cha boila, ule ukurasa anaojaza fundi siku ya kuifunga. Mweupe. Hata tarehe.

Halafu ile gesi isiyo na harufu, kaboni monoksaidi, ni ile ile inayoua watu kwetu wakilala na jiko la mkaa chumba kimefungwa. England tangu Oktoba 2022 mwenye nyumba lazima aweke kengele yake kwenye chumba chenye boila ya gesi. Ikilia fungua madirisha, toka nje, piga 0800 111 999, namba ya dharura ya gesi, wapo saa 24. Usitoe betri eti inapiga kelele.

Mama pale mbele anauliza, binamu yake ni fundi bomba mzuri, miaka 20 Kariakoo, je aje amwangalizie? Kutoa hewa kwenye redieta aje, ufunguo mdogo na kitambaa vinatosha. Kugusa gesi hapana mama yangu, bila kusajiliwa Gas Safe, lile daftari la mafundi wa gesi, ni kosa la jinai. Na kadi yenyewe igeuze nyuma, ndo pameandikwa anaruhusiwa kushika nini, wa jiko sio lazima awe wa boila. Yule wa kwanza mimi sikumgeuzia.